Uwele, mlenda na kimea: mwongozo kamili wa kurudisha chakula cha wazee jikoni

Mtoto wangu wa kwanza alipofikisha miezi sita nilikwenda sokoni nikanunua vitu kumi na moja: ulezi, mtama, uwele, mahindi, mchele, ngano, soya, karanga, choroko, mbegu za maboga na ufuta. Nikavichanganya kwenye ndoo moja, nikavipeleka mashineni. Niliamini kwamba vitu vikizidi na afya huzidi. Mtoto akajaa gesi, akaharisha, kila jioni analia. Wiki ya pili shangazi yangu akaja kutoka Kongwa, Dodoma, kumwona mjukuu. Akauonja ule uji, akakaa nao mdomoni kidogo, halafu akaniuliza, "Ulezi mliuloweka?"

"Hapana shangazi, tulisaga tu."

"Basi mmesaga mbegu. Chakula bado."

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu ya maneno yale. Wengi wetu tukitaka kurudi kwenye vyakula vya asili huanza na dukani: pakiti ya unga wa lishe, kopo la ubuyu, mafuta ya ufuta. Wazee walianza na kazi. Waliloweka, waliotesha, walichachua, walikausha, walichanganya nafaka na mikunde, na walijua kisichofaa kuliwa kabla hakijapikwa kwa namna fulani. Nafaka ikirudi nyumbani bila kazi yake, imerudi nusu.

Mifano mingi hapa ni ya Dodoma na Singida kwa kuwa ndiko nilikojifunzia. Ukiwa Kisumu, Bukavu au Mtwara utabadilisha majina ya mboga, lakini kazi ni zile zile.

Kwanza, jua kilichopotea

Mahindi yametoka Amerika. Yalifika pwani yetu baada ya Wareno kuanza kupita Bahari ya Hindi, na yakatawala mashamba ya bara hasa wakati wa ukoloni. Watu wa Meksiko walioyalima kwa maelfu ya miaka huyachemsha kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga. Chokaa ile hufungua vitamini iitwayo niasini, ambayo ndani ya mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati. Sisi tulipokea mahindi bila chokaa yake. Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kambini Malawi walikuwa wakiishi kwa mgao wa mahindi. Mgao wa karanga ulipokatika, zaidi ya watu 18,000 walipata pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini. Mahindi yalikuwepo. Kilichokosekana ni mwenzake.

Kwa nini tuliacha mtama na uwele? Watu husema ni kudharau, na dharau ilikuwepo kweli, maana ugali mweusi ulionekana wa kimaskini. Lakini ukiwauliza wakulima watakutajia ndege. Kwelea kwelea hushuka kwenye shamba la mtama kwa makundi, na bila mtu wa kuamia, yaani kuwafukuza ndege, hubaki mabua. Kazi ya kuamia ilikuwa ya watoto, na watoto wakaenda shule. Mahindi yana ganda, ndege hawayafikii kirahisi. Nalitaja hili ili usimlaumu mama yako kwa kuacha uwele. Alikuwa na sababu.

Wala sisemi uyafukuze mahindi au muhogo, ambao nao ulitoka Amerika. Vimekaa hapa karne kadhaa, na watu wetu wamevitungia maarifa yake. Hayo maarifa ndiyo ninayoyatafuta, popote chakula kilipozaliwa.

Hatua ya 1: Kaa na mzee kabla hujaenda sokoni

Tafuta mtu mmoja aliyewahi kulima na kupika vyakula unavyovitaka. Bibi, shangazi, jirani, hata mama anayeuza mboga kavu sokoni. Usimwulize "mlikuwa mnakula nini?" kwani atakutajia majina matano na kunyamaza. Mwulize kwa majira: mvua ya kwanza ikinyesha mlichuma nini? Mwezi wa pili ghala limeisha, mlikula nini? Mzazi akijifungua alipikiwa nini, na kwa siku ngapi? Kipi mlikatazwa kukila kibichi? Hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, na ndilo linalosahaulika kwanza.

Andika jina la kilugha pamoja na la Kiswahili, kwa sababu neno "mlenda" peke yake linabeba mimea mingi tofauti. Piga picha ya jani, ua na mbegu. Kenya walifanya kazi ya namna hii kwa mpango: kuanzia mwaka 2007, wanafunzi wa shule za msingi katika jamii za Isukha na Pokot Mashariki walikwenda kwa wazee wao kuorodhesha vyakula vya asili, na mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mradi huo kwenye orodha yake ya mifano bora ya kuhifadhi urithi. Daftari la shule linatosha kuanzia.

Hatua ya 2: Badilisha mlo mmoja tu

Familia ikiamka ikakuta sembe, wali na chapati vimeondoka siku moja, mpango utakufa kabla ya Jumapili. Anza na uji wa asubuhi, au ugali wa usiku mara mbili kwa wiki. Mwezi wa kwanza changanya unga wa uwele na wa dona nusu kwa nusu. Mboga ongeza mapema zaidi, kwa sababu mboga haina upinzani mkubwa na faida yake huonekana haraka.

Hatua ya 3: Nafaka, na hapa tukae

Chagua nafaka moja uielewe vizuri. Uwele una madini ya chuma mengi kuliko mahindi na hupenda nchi kavu. Ulezi una kalsiamu ya kushangaza, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii hata kidogo. Mtama uko wa aina nyingi: mweupe ni mtamu na laini, mwekundu mara nyingi una ukakasi unaowakimbiza ndege, na ukakasi huo huo huzuia mwili kuyatumia madini na protini. Wakiga wa Uganda huuloweka mtama wa ukakasi kwenye maji ya majivu kabla ya kuuotesha. Walijua kuutoa ukali bila maabara.

Maji ya kuloweka yana kazi kubwa kuliko yanavyoonekana. Kila mbegu huyashikilia madini yake kwa kitu kiitwacho fitati, kama mtu aliyefungia akiba kwenye sanduku. Mbegu ikipata maji na joto hudhani mvua imenyesha, inaanza kulifungua sanduku ili ichipue. Ukiloweka, ukaotesha au ukachachua, unaidanganya mbegu ifungue akiba kwa ajili yako.

Kwa ulezi wa uji, fanya hivi. Pepeta na uchambue mawe, kwa sababu ulezi unaouzwa sokoni mara nyingi una mchanga. Osha mpaka maji yatoke safi. Loweka usiku kucha, kama saa 12, kisha mwaga maji yale. Anika juu ya turubai safi au chanja, usianike chini kwenye udongo, ugeuze geuze hadi punje ikitafunwa ivunjike kwa mlio. Ndipo usage.

Kimea, yaani unga wa ulezi uliooteshwa, kinaendelea pale ulipoishia kuloweka. Ulezi ukishalowekwa, uchuje, uutandaze kwa unene wa kidole juu ya gunia safi lenye unyevu au majani ya mgomba, uufunike. Nyunyizia maji safi asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu utaona vijimizi. Vikifika kama nusu ya kucha ya kidole, anika juani hadi vikauke kabisa, vipukusie mikononi vidondoke, upepete, usage. Usikaange. Nguvu ya kimea iko kwenye kimeng'enya kinachovunja wanga, na moto mkali hukiua. Ukiona ukungu, mweusi au wa kijani, mwaga chote bila huruma.

Kimea utengeneze kwa ulezi. Mtama ukichipua hujaza sumu ya sianidi kwenye vijimizi na machipukizi yake, na asiye na uzoefu hapaswi kumjaribia mtoto.

Unakitumiaje? Pika uji mzito, unga kikombe kimoja kwa maji vikombe vitano. Uepue, uache upoe hadi kidole kivumilie. Weka kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe cha uji, koroga. Ndani ya dakika chache uji uliokuwa unasimama utalegea na kutiririka, na utakuwa mtamu kidogo bila sukari. Urudishe motoni uchemke dakika kadhaa, kwa sababu kimea kimekaa kwenye unyevu kwa siku kadhaa na huenda kina vijidudu. Mtoto mwenye tumbo dogo sasa anapata unga mwingi kwa vijiko vichache. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikihimiza kimea kwa ajili ya watoto miaka ya 1980. Mama zetu wengine walikisikia kliniki wakiwa wajawazito wa sisi. Chini ya miezi sita mtoto anyonyeshwe tu.

Togwa nayo ni ndugu wa hapo hapo. Lita mbili za uji wa mahindi au mtama, upoe hadi uwe vuguvugu, vijiko vitano au sita vya chakula vya kimea, funika kwenye chombo safi, uache usiku mzima hadi kesho yake mchana. Ikichachuka vizuri ina ukali wa kupendeza, na ukali huo ni asidi inayovinyima nafasi vijidudu vya kuhara. Watafiti waliofanya kazi na watoto hapa Tanzania walithibitisha hilo. Wazee wa Songea na Iringa walikuwa wanainywa tu.

Sasa ule unga wangu wa vitu kumi na moja. Kosa la kwanza lilikuwa kusaga bila kuloweka. La pili, soya mbichi: ina vizuizi vya usagaji wa protini vinavyohitaji ichemshwe kwanza. La tatu, karanga na ufuta vina mafuta. Vikisagwa pamoja na nafaka, unga huvunda haraka, na karanga mbovu chache huchafua ndoo nzima. Nafaka moja au mbili zilizotengenezwa vizuri zinatosha. Karanga zisage pembeni, uziweke kwenye uji siku ya kupika.

Hatua ya 4: Ugali wa uwele

Uwele una mafuta mengi kuliko mahindi, kwa hiyo unga wake huchacha na kuwa mchungu. Wengi walioonja ugali wa uwele wakaukataa walikula unga uliokaa mwezi dukani. Saga kidogo kidogo, wa wiki moja au mbili, uuhifadhi pakavu penye ubaridi.

Maji yachemke, weka unga kidogo kwanza uwe uji, uache uive dakika tano au zaidi, ndipo uongeze unga na kusonga. Hauvutiki kama sembe, na utakuwa laini zaidi kuliko unavyotarajia. Usiongeze unga kwa hofu. Funika, punguza moto, upe dakika nyingine tano ujikaze.

Jambo moja dogo kuhusu uwele: ukiliwa kila siku kwa wingi unaweza kusumbua kazi ya tezi ya shingo, hasa penye upungufu wa madini joto. Tumia chumvi yenye madini joto, uiweke chakula kikikaribia kuiva, na ubadilishe nafaka ndani ya wiki.

Hatua ya 5: Mboga, mbichi na kavu

Kama una nguvu za hatua moja tu katika mwongozo huu, chukua hii. Mgagani, mnavu, mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, mchicha pori, kisamvu: hivi ndivyo vilivyokuwa vinaulinda mwili wa mtu aliyekula nafaka mwaka mzima. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya ametumia maisha yake ya kazi kuzitetea mboga za Kiafrika wakati zilipokuwa zikiitwa magugu, na leo sagaa (mgagani) na managu (mnavu) vinauzwa kwenye maduka makubwa ya Nairobi. Tengeru, Arusha, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichozalisha mbegu bora za mnavu na mchicha.

Mapishi yana kanuni chache. Osha kabla ya kukata, siyo baada, kwani vitamini hutoka na maji. Pika kwa maji kidogo na muda mfupi. Weka mafuta kidogo au karanga zilizosagwa, kwa sababu vitamini A ya majani haiingii mwilini bila mafuta. Kamulia ndimu mwishoni, au kula na ubuyu au ukwaju. Uchachu huo husaidia chuma cha mboga kifyonzwe. Chai ya rangi isubiri kama saa moja baada ya kula, kwani huzuia chuma hicho hicho.

Mgagani ni mchungu, na uchungu wake una ufundi. Upike kwa maziwa uuache ulale hadi kesho, kama wafanyavyo Waluo na Wakisii, au uchanganye na majani ya kunde. Mnavu uchambue, utoe matunda mabichi ya kijani yote. Hayo yana sumu.

Kuhusu magadi najua nitagombana na wengi. Yanalainisha mlenda na kufanya mboga iwe ya kijani ya kupendeza, lakini yanaua vitamini B na C na kujaza sodiamu, na magadi ya kaskazini yana floridi inayoharibu meno ya watoto. Chembe moja kwenye mlenda mkavu, sawa. Kwenye maharage hapana, yaloweke.

Sasa mboga kavu, hekima ya nchi yenye msimu mmoja wa mvua. Mwezi wa pili na wa tatu mboga zimejaa Dodoma, mwezi wa tisa hakuna kitu, na katikati ya hapo watu waliishi kwa mboga kavu. Chuma asubuhi, chambua, osha. Chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu, toa, chuja. Tandaza kwenye chanja au chandarua, kivulini penye upepo. Hapa ndipo tunapokosea: jua kali la moja kwa moja hula vitamini A. Kivuli kinachukua siku mbili tatu, lakini jani hubaki la kijani. Likishikwa likavunjika, liko tayari. Mlenda usagwe au utwangwe uwe unga. Majani ya kunde yaache mazima. Hifadhi kwenye chombo kisichopitisha mwanga.

Kupika mlenda mkavu: maji vikombe viwili yachemke na nyanya na chumvi, nyunyiza unga wa mlenda vijiko vitatu huku unakoroga kwa fimbo ya mlenda, dakika tano, weka karanga zilizosagwa, dakika tano tena. Ule moto, na ugali wa uwele. Siwezi kueleza kinachotokea kifuani mwa mtu wa Dodoma aliyekaa Dar es Salaam miaka kumi akipakuliwa hiki.

Hatua ya 6: Mikunde kwenye kila chungu

Nafaka ina upungufu ambao mkunde unauziba, na mkunde una upungufu ambao nafaka inauziba. Ndiyo maana makande yapo, na githeri, na mbaazi za nazi na mkate wa pwani. Njugu mawe zimesahaulika kuliko zote: huota kwenye udongo mbovu, na zina protini na wanga pamoja, karibu mlo kamili ndani ya ganda. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa maji mapya hadi zilainike. Kunde hazihitaji muda mrefu hivyo.

Ukikosa muda wa kupika mikunde kila siku, chemsha ya siku tatu uigawe.

Hatua ya 7: Visivyosamehe

Chakula cha asili si salama kwa sababu ni cha asili. Wazee walikijua kisu kinavyokata pande zote.

Muhogo mchungu una sianidi. Mwaka 1985 Tarime, wakati wa ukame, watu waliofupisha siku za kuutengeneza walipatwa na konzo, ulemavu wa miguu usiopona. Menya, loweka kwenye maji siku tatu hadi nne hadi ulainike, kamua, anika hadi ukauke kabisa, ndipo usage. Kama una shaka na unga ulionunua, kuna njia iliyotumika kwa mafanikio vijijini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: changanya unga na maji uwe tope, utandaze tabaka jembamba kwenye beseni pana au mkeka, uache juani saa mbili au kivulini saa tano, sumu itoke kama hewa, kisha usonge ugali siku hiyo hiyo. Kisamvu kitwange vizuri na kichemke muda mrefu bila kufunikwa.

Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka na karanga, haionekani wala haitoki kwa kupika. Mwaka 2016 iliua watu 20 katika mikoa ya kati, Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyoota ukungu. Kenya mwaka 2004 iliua 125. Mahindi na karanga ndiyo makazi yake makuu. Usianike chini kwenye udongo. Kausha haraka, chambua punje zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa, hifadhi kwenye mifuko ya tabaka isiyopitisha hewa. Usiwape kuku zile ulizochambua, kwani sumu huwadhuru na inaweza kukurudia kupitia mayai. Mtama na uwele havina hatari kubwa hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuvirudisha.

Vya porini: ming'oko ya Mtwara na Lindi huchemshwa tu na kuliwa, lakini ndiga, kiazi kikuu cha porini kilichookoa watu miaka ya njaa, huua kisipolowekwa siku nyingi kwenye maji yanayotiririka. Vyote hufukuliwa msituni. Kama hujaonyeshwa kwa mkono na mtu anayekijua, kiache. Na usichume mboga pembeni ya mashamba ya pamba au ya mbogamboga yanayopigwa dawa.

Hatua ya 8: Kwa anayeumwa

Mama yangu aliambiwa ana kisukari miaka sita iliyopita. Tulibadilisha sembe kwa uwele, naye kwa furaha akala uwele kama alivyokula utotoni, sahani imejaa. Sukari ikapanda. Muuguzi mmoja mwenye subira alimkunjisha mama ngumi yake mwenyewe akamwambia, "Mama, ugali uwe hivi. Mboga iwe mara mbili ya hapo." Tangu siku hiyo mambo yalitengemaa, na vidonge hakuacha.

Kwa hiyo: ugali wa uwele au mtama bado ni wanga. Uji wa unga uliosagwa laini hupandisha sukari haraka kuliko punje nzima. Chemsha mtama uliolowekwa kama wali, ule na kunde na mboga nyingi. Huo hupandisha sukari polepole. Kimea, kwa kuwa kimeshaanza kuvunja wanga, kiwe cha watoto, wazee waliodhoofu na wanaopona, siyo cha mgonjwa wa kisukari.

Mwenye shinikizo la damu aachane na magadi na apunguze chumvi, atumie ndimu na vitunguu kutafuta ladha. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kliniki kabla ya kuongeza mboga za majani na ubuyu, kwa sababu ya potasiamu. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda iitwayo wafarini asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani. Aseme kwa daktari. Hakuna chakula hapa kinachochukua nafasi ya dawa uliyoandikiwa. Ukiona dalili zimepungua, mwambie anayekutibu, apime, ndiye aamue kupunguza.

Mzazi aliyejifungua apikiwe. Wachaga wana mtori, Wakisii wana mgagani, pwani kuna uji wa pilipili manga. Kilichowaponya wazazi kilikuwa chakula, pamoja na kwamba kuna mtu mwingine alikuwa jikoni.

Ubuyu: vijiko viwili vya unga mweupe kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, koroga, chuja. Usichemshe. Vitamini C yake huzidi ya chungwa mara kadhaa. Ule mwekundu wenye sukari ni peremende, uwe wa sikukuu.

Hatua ya 9: Mbegu

Usiponunua mbegu mwaka kesho, umefika. Chagua mche mzuri wa mgagani msimu ukiwa katikati, ufunge uzi mwekundu ili mtu asiuchume. Maganda yake ya mbegu yakigeuka manjano, kata kabla hayajapasuka, anika juu ya kitambaa, pukusa. Mbegu mpya za mgagani husinzia. Ukizipanda wiki ijayo hazioti, zisubiri miezi mitatu hadi sita. Mnavu tumia matunda yaliyoiva meusi, yaponde kwenye maji, mbegu nzito zitazama, zioshe, uzianike kivulini. Za kunde na njugu mawe changanya na majivu makavu kuzuia wadudu, uzifunge kwenye chupa.

Mjini mifuko ya unga iliyokwisha inatosha kuwa bustani: mifuko sita ya mnavu na mgagani, samadi iliyooza, mwagilia asubuhi. Baada ya wiki nne unachuma majani ya juu, mche unachipua tena.

Kwenye chupa andika vitu vitatu: jina la kilugha, mwezi na mwaka, na shamba la nani zilikotoka. Yangu moja imeandikwa "mgagani, Mei, Kongwa, kwa shangazi". Yule mtoto aliyeharisha sasa ana miaka tisa, na ndiye anayeshika kalamu.